Nusu Jerikeni kwa Siku

Mubaraka aliwaua samaki tisa kwa wema wake.

Dada yake Mastula alikuwa amehamishiwa Mbale kufundisha biolojia. Alipoondoka Jinja wiki ya kwanza ya muhula, Februari 1996, alimwachia maagizo machache: chakula kidogo kila asubuhi, na Jumatano atoe ndoo tatu za maji kwenye tangi la kioo na kurudishia tatu za maji yaliyolala pipani. Mubaraka aliona ndoo tatu ni uchoyo. Maji ya tangi yalikuwa yameanza kufanana na chai nyepesi, naye akasema moyoni, kama ningekuwa samaki mimi, ningependa kuoga vizuri. Akayatoa yote, akapangusa kioo kwa kitambaa, akajaza upya moja kwa moja kutoka bombani. Tangi likang'aa kama dirisha la benki. Kufika adhuhuri samaki walikuwa wanahema juu juu, midomo wazi. Alasiri, tisa kati ya kumi na sita walikuwa wamegeuza matumbo.

Ijumaa Mastula alipofika nyumbani kwao Mpumudde alimkuta mdogo wake amekaa mbele ya tangi kama mtu aliyefiwa.

"Niliwapa maji safi, dada," alisema. "Maji haya haya tunayokunywa."

Mastula hakumkaripia. Alivua viatu, akachuchumaa mbele ya kioo, akahesabu waliobaki. Saba. Madume mawili, majike matano.

Kwa watu wengi wa Jinja, nkejje ni samaki mdogo wa kukaushwa, anayesagwa na kutiwa kwenye uji wa mtoto aliyetoka kuugua surua. Hawa wa Mastula walikuwa nkejje pia, lakini dume lao lilikuwa na kifua cha manjano na mkia mwekundu kama kaa la moto. Mvuvi mmoja aitwaye Kirunda alimletea miaka miwili nyuma, ndani ya sufuria, baada ya kuwanasa kwenye miamba. Alimwambia kwamba ujanani mwake walikuwa wengi mno, na kwamba tangu mbuta, wale sangara wakubwa wanaokula wenzao, walipojaa ziwani alikuwa hajawaona. Mastula alitafuta katika vitabu, akauliza watu waliosomea samaki. Mmoja alimpa jina, mwingine akalikataa. Kwa hiyo hakujua kama alikuwa anafuga samaki waliokaribia kwisha duniani, au nkejje wa kawaida tu ambao hakuna aliyejali kuwatazama vizuri. Kutojua huko ndiko kulikomfanya awapende.

"Usiniachie tena roho za viumbe," Mubaraka alisema wakati wa chakula cha usiku. "Tafuta kitu cha kufanya kazi hiyo bila mkono wa mtu."

Aliyasema kwa uchungu, lakini Mastula aliacha kutafuna. Bila mkono wa mtu. Mbona isiwezekane?

Mubaraka alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli na mabomba mjini, na mteja wake mmoja alikuwa Sajini Gaster Otiende, fundi bomba wa kambini Kimaka. Gaster alikuwa Mjopadhola kutoka upande wa Tororo, mrefu, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kuugeuza kila kifaa mara tatu kabla ya kukilipia. Jumamosi hiyo Mubaraka alimleta nyumbani. Gaster hakujua Lusoga, na Mastula hakujua Dhopadhola. Ila Mastula alikuwa na Kiswahili alichokipata kwa marehemu baba yao, Hajji Isiko, aliyefanya biashara na watu wa Kisumu. Gaster alikuwa na cha jeshini. Wakakutana hapo.

Gaster alilitazama tangi kwa muda mrefu.

"Hii inakulwa?"

"Inaliwa, afande. Lakini hizi hapana."

"Sawa." Akazunguka upande wa pili. "Mwalimu, mimi nataka jua kitu moja kwanza. Maji chafu inaua samaki. Ndugu yako aliweka maji safi, nayo ikaua. Sasa samaki inataka nini?"

Mastula alicheka, kisha akaona kwamba swali lile lilistahili jibu zuri kuliko mengi aliyoulizwa darasani. Akamweleza kwamba samaki anakula, ananya na kukojoa humo humo anamoishi, na uchafu huo unageuka sumu polepole, hata maji yakionekana safi. Ndiyo maana lazima yabadilishwe. Lakini maji ya bomba yana dawa ya kuua vijidudu, na dawa hiyo inachoma mashavu ya samaki. Ukiyaacha pipani siku mbili, dawa inapaa. Na hata hivyo, maji mapya yakija yote kwa mara moja, mwili wa samaki unashtuka.

"Kama kurutu," Gaster alisema. "Ukimkimbiza maili kumi siku ya kwanza, ataanguka. Ukimwongezea kidogo kidogo, atafika."

"Hivyo hivyo."

"Kwa wiki unatoa ngapi?"

"Theluthi moja. Tangi linachukua jerikeni kumi, kwa hiyo ni tatu na kitu."

Gaster alitoa kalamu ya risasi iliyokuwa nyuma ya sikio, akaandika kwenye kiganja. "Gawa kwa siku saba. Nusu jerikeni kwa siku. Lita kumi. Tukiacha itone mchana na usiku, samaki haitajua kama kuna kitu kimebadilika." Akatabasamu peke yake. "Miaka kumi na tatu kazi yangu ni kuziba tone. Leo naambiwa nitengeneze."

Walianza siku ile ile. Pipa la lita mia mbili lilipandishwa juu ya meza ya matofali nje ya dirisha. Kutoka pipani wakavuta mpira wa dripu, ule wa hospitali wenye kigurudumu cha kubana, alioununua Mubaraka kwenye duka la dawa. Mpira uliingia dirishani ukaning'inia juu ya tangi. Gaster hakuwa na chombo cha kupimia, akachukua chupa ya soda. Akapiga hesabu: kama lita kumi ndiyo ya siku nzima, chupa hii inatakiwa kujaa kwa dakika arobaini na tatu. Akakaa na saa mkononi, akibana na kulegeza kigurudumu, kwa saa tatu. Mastula alimletea chai mara mbili. Alipoondoka, chupa ilikuwa inajaa kwa dakika arobaini na nne, naye hakufurahia ile moja iliyozidi.

Upande wa kutolea maji waliuona mwepesi. Gaster alichukua mpira, akautumbukiza tangini, akaunyonya kama madereva wanavyonyonya petroli, akaushusha hadi kwenye shimo la maji machafu ya bafuni. Aliubana ili maji yatoke polepole, kiasi kile kile kinachoingia. Jumapili Mastula akarudi Mbale akiwa na amani.

Jumatano Gaster alipita kuangalia, akapima kwa chupa yake. Dakika hamsini na tano. Alidhani mpira umeziba. Akaufungua, akaupuliza, akaurudisha: hamsini na tano. Alhamisi, saa nzima. Akasimama uani akilitazama pipa mpaka Mubaraka akamuuliza kama kuna tatizo.

"Pipa likijaa, maji inasukuma kwa nguvu," Gaster alisema. "Likipungua, inachoka. Hiyo nilijua. Sikufikiri tone nalo litachoka."

Jioni ile alirudi na boya la tangi la choo na karai dogo. Alilifunga karai chini ya pipa, boya ndani yake. Sasa pipa lilitoa maji kwenye karai, na boya lilifunga kila maji ya karai yalipofika kimo chake na kufungua kila yaliposhuka. Mpira wa dripu akauhamishia kwenye karai. Pipa liwe limejaa au limebaki robo, kimo cha maji kwenye karai hakikubadilika, na tone halikuwa tena na sababu ya kuchoka. Akapima. Arobaini na tatu kamili. Akamwomba Mubaraka naye apime, ili awe na shahidi.

Usiku huo huo, hata hivyo, mpira wa kutolea ulivuta maji kwa kasi zaidi kidogo kuliko ilivyotakiwa. Maji yalishuka mpaka mdomo wa ndani ukameza hewa, na mpira ukafa. Maji mapya yaliendelea kuingia kama kawaida, tangi likajaa, likafurika. Mubaraka aliamka kwa swala ya alfajiri akakanyaga zulia lililolowa. Samaki walikuwa salama, wakizunguka juu kabisa ya kioo kama watu kwenye ukingo wa daraja. Lakini zulia lilikuwa la Hajji Isiko, na Mubaraka alilianika kwenye ua siku mbili.

Gaster alipoliona alivua kofia. "Kosa ni langu, ndugu yangu. Niliamini kwamba vitu viwili vinaweza kwenda sawa bila mmoja kumngoja mwenzake."

Mastula aliporudi jioni ya Ijumaa hiyo hiyo walikaa wote watatu uani. Ukiubana mpira sana, tangi linafurika. Ukiulegeza, unanyonya mpaka unakufa. Gaster alipendekeza kutoboa kioo ubavuni, ili maji yakifika kwenye tundu yatoke yenyewe. Mastula alikataa. Kioo kilikuwa cha zamani, na kikipasuka hakuna mahali pa kuwaweka wale saba. Waliisimamisha mashine yote, Mastula akabadilisha maji kwa ndoo mwenyewe, akaondoka na swali lake.

Mbale alikuwa amepanga chumba Nkoma, karibu na shule. Mtunza maabara wa pale alikuwa mwanamke wa Namatala aitwaye Khainza, mwenye mikono ya haraka na maneno ya haraka zaidi. Jumatatu sinki la maabara lilikuwa linanuka, na Khainza alikuwa chini yake na spana, akifungua lile bomba lililojikunja kama goti. Alipolitoa, maji yakamwagika miguuni.

"Bomba limefungwa tangu Ijumaa," Mastula alisema. "Hayo maji yametoka wapi?"

"Yanakaa humo siku zote. Yanazuia harufu ya shimo isipande." Khainza alimtazama. "Mwalimu wa sayansi hujui?"

"Nilijua. Sikuwahi kuyatazama."

Alilichukua lile goti la bomba likiwa chafu vile vile, akalitia maji. Yalipanda sawa pande zote mbili, yakatulia. Akaliinamisha kidogo: yakamwagika kiasi, yakatulia tena. Hayakutoka yote, kwa sababu mdomo ulitazama juu. Mastula alikaa kwenye kiti cha wanafunzi, goti mapajani, sketi ikilowa.

Baada ya masomo Khainza aliwasha taa ya spiriti wakakunja mrija wa kioo. Mrija ulipanda ukingo wa bika, gilasi ya kupimia ya maabara, ukashuka nje, kisha ukapinda na kupanda tena, mdomo wake ukiishia kwenye kimo ambacho Mastula alitaka maji ya bika yabakie. Waliujaza, wakauachia. Maji yalitoka mpaka yalipofika sawa na mdomo wa nje, yakasimama. Mrija haukumeza hewa. Mastula akaongeza kijiko kimoja cha maji kwenye bika. Kijiko kimoja kikatoka upande wa pili. Akaongeza vitatu, vikatoka vitatu. Khainza akamnyang'anya kijiko, akaongeza yeye.

"Unaweza kulala," Khainza alisema. "Haiwezi kufurika na haiwezi kukauka."

Mastula alichora ule mrija kwenye karatasi na kuandika barua kwa Gaster, aitume kwa basi la asubuhi. Khainza alichungulia.

"Kiswahili? Hiyo si lugha ya askari wa vizuizi vya barabarani? Baba yangu akiisikia mpaka leo anatafuta kitambulisho mfukoni."

"Baba yangu alinibembeleza nayo," Mastula alisema. "Na huyu askari anauliza maswali mazuri kuliko watu wengi ninaowajua."

Gaster aliipata barua Jumanne jioni dukani kwa Mubaraka. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Mrija wa kioo hakuwa nao, lakini alikuwa na bomba jembamba la plastiki. Alilijaza mchanga ili lisijibane, akalipasha juu ya jiko la makaa, akalikunja taratibu kufuata mchoro. La kwanza liliungua. La pili lilikaa. Alipolifunga kwenye tangi alileta kiti, akakaa, akasubiri kosa lionekane. Halikuonekana siku hiyo wala ya pili. Siku ya nne aliona viputo vya hewa vimeanza kujikusanya kwenye kilele cha bomba, akaelewa kwamba vikiwa vingi vitakata mkondo wa maji. Akatoboa tundu dogo pale juu, akapachika kipande cha mpira wa dripu chenye kibanio, ili kila Ijumaa Mastula avute ile hewa kwa mdomo.

Kwa hiyo haikuwa bila mkono wa mtu kabisa. Lakini toka Jumapili jioni mpaka Ijumaa alasiri haikumhitaji mtu, na maji hayakurudi kuwa na rangi ya chai.

Gaster hakuwa na kazi tena pale, ila aliendelea kuja kila Jumatano. Alisema anakuja kupima tone. Mubaraka aliona kwamba anapima dakika arobaini na tatu, kisha anakaa saa nzima akitazama samaki. Mwezi wa Mei alimwambia Mubaraka, "Ile moja inaumwa. Imevimba koo. Haikuli." Mwisho wa wiki ile Mastula alibaki Mbale na kazi za shule. Jumatano iliyofuata ilikuwa bado haijala, na koo limezidi kuvimba. Gaster alitaka kuitoa ili isiwaambukize wengine. Mubaraka, aliyekuwa ameapa kutotia mkono humo, alimzuia. Wakaenda wote posta, wakapiga simu shuleni Mbale.

Mastula aliitwa kutoka darasani. Alisikiliza.

"Afande, inatafuna? Kama mtu mwenye kitu mdomoni ambacho hataki kukimeza?"

"Ndiyo. Inageuza geuza."

"Msiiguse. Haiumwi. Ana mayai mdomoni."

Upande wa Jinja Gaster aliisogeza simu karibu zaidi na sikio.

"Mdomoni," Gaster alisema.

"Ndimo anamolea. Na watoto wakitoka watakuwa wadogo kama punje ya mtama." Hapo Mastula mwenyewe akaona kile ambacho hakuwa amekifikiria. "Afande, lile bomba. Maji yanatoka kwa upole, lakini mtoto kama huyo yatambeba."

Ilikuwa Jumatano. Kumngoja Mastula mpaka Ijumaa kungeweza kuwa kuchelewa. Gaster hakuuliza mengi. Alinunua sponji ya godoro, akaikata umbo la yai, akaitoboa katikati, akaivika mdomo wa ndani wa bomba. Sponji mpya ilitoa povu kidogo, akaogopa. Akaiondoa, akaichemsha mara tatu, akaivika tena. Maji yalipita, polepole zaidi kidogo, lakini kimo hakikubadilika.

Mastula alipofika Ijumaa hakuvua hata baibui. Walikaa wote watatu sakafuni. Saa moja kabla ya magharibi jike lilikwenda kwenye kona ya mawe, likafungua mdomo, na wingu la vitu vidogo vyenye macho likatoka. Gaster aliinama mpaka pumzi yake ikaweka ukungu kwenye kioo. Dume lilipokaribia, jike lilishusha kichwa, na wingu lote likarudi ndani ya mdomo kama moshi unaorudi kwenye chungu.

"Mimi nimeona vitu vingi," Gaster alisema baadaye, kwa sauti ya chini.

Walihesabu ishirini na tatu. Asubuhi waliigeuza sponji na kuikagua. Hapakuwa na hata mmoja aliyenasa.

Agosti kikosi cha Gaster kilipelekwa kaskazini. Alikuja kuaga mchana, amevaa magwanda, akamwonyesha Mubaraka jinsi ya kufungua boya na kusugua kutu. Mubaraka alilifungua na kulifunga mbele yake mara mbili, bila kuambiwa. Mastula hakuwepo. Gaster alimwachia anwani yake kwenye kipande cha karatasi, na chini yake ameandika: *Tafadhali niambie ngapi wamekua.*

Walikua kumi na tisa. Oktoba Mastula aliwachukua wanane mpaka Mbale, na yeye na Khainza wakaunda mashine nyingine maabarani: ndoo mahali pa pipa, bakuli mahali pa karai, na ule mrija wao wa kioo. Wanafunzi walipanga foleni kuhesabu matone. Lakini Desemba, madume machanga ya Jinja yalipoanza kuvaa manjano kifuani, yale ya Mbale yalitoka na kifua cha bluu. Mama mmoja, siku moja ya kuzaliwa. Maji ya Mbale yalishuka kutoka mlimani, yalikuwa ya baridi zaidi. Mawe aliyoyaweka yalikuwa meusi, ya Jinja yalikuwa ya rangi ya mchanga. Na dirisha la maabara lilitazama mashariki, la nyumbani Jinja magharibi. Mastula aliandika yote hayo kwa Gaster, kurasa tatu.

Jibu lilichukua wiki sita, na bahasha ilikuwa imechakaa pembeni. Gaster alisema yuko mzima, mvua hakuna, visima viwili amevitengeneza. Kisha: *Mwalimu, usibadilishe vitu vitatu mara moja, hutajua ni kipi. Anza na kimoja. Mimi ningeanza na mawe, kwa sababu ni rahisi kurudisha.*

Mastula alimsomea Khainza sentensi hiyo. Khainza alikunja mikono ya blauzi, akaingiza mkono tangini, na wakaanza kutoa mawe, moja baada ya jingine, wakiyapanga juu ya gazeti.